Mavazi ya Mwanaume katika Darasa la Baleti: Yapi Yanapatikana Mwanza, Yapi Yaagizwe

Mwanaume mtu mzima anayejiunga na darasa la baleti hapa Mwanza anahitaji vitu vinne mwilini: mkanda wa ndani wa kuchezea, taiti, fulana inayokaa karibu na mwili, na viatu laini vya baleti. Taiti na fulana zinapatikana mjini kwa bei ya mtumba na kwa mkono wa fundi cherehani. Mkanda na viatu, kwa jinsi nilivyoyazungukia maduka yetu ya nguo na ya vifaa vya michezo, sharti viagizwe kutoka nje. Vyote nimevivaa katika darasa letu la jioni, kwenye ukumbi wa kukodi wenye sakafu ya vigae upande wa Isamilo, na maoni ninayoyatoa hapa ni ya kifaa kimoja kimoja: kinafanya kazi gani, kinastahili bei yake au la, na kinavumilia vipi joto na jasho la huku ziwani.

Mwalimu wa baleti hufundisha kwa macho kabla ya kufundisha kwa mdomo. Zoezi la kwanza la darasa, ambalo huitwa plie, ni kukunja magoti taratibu huku miguu ikiwa imegeuzwa kuelekea nje, na kanuni yake ni kwamba goti lifuate uelekeo wa vidole vya mguu. Goti likiangukia ndani wakati unyayo umeelekea nje, uzito wa mwili huishia kwenye kano za goti, na mtu aliyeanza baleti akiwa na miaka 30 au 40, baada ya miaka mingi ya kukaa kwenye kiti cha ofisi, hana goti la kufanyia majaribio. Mwalimu hawezi kusahihisha goti lililojificha ndani ya suruali pana ya trak. Hawezi pia kuona kama nyonga zimelala upande mmoja iwapo fulana inaning'inia hadi mapajani. Kwa hiyo nguo ya kubana katika baleti haivaliwi kwa ajili ya maonyesho, bali ni chombo cha kazi, kwa maana ileile ambayo ovaroli ni chombo cha kazi kwa fundi magari, na inafaa kuchaguliwa kwa umakini uleule.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu wanaume wengi wa hapa wanaovutiwa na baleti hurudishwa nyuma na nguo kabla hawajarudishwa nyuma na mazoezi yenyewe. Huulizwa, na wao hujiuliza, kama haya ni mavazi ya mwanaume. Historia inajibu bila wasiwasi. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alikuwa mchezaji wa baleti yeye mwenyewe, na mwaka 1661 alianzisha chuo cha kifalme cha dansi jijini Paris. Wanawake wachezaji wa kulipwa walipanda jukwaa la Opera ya Paris kwa mara ya kwanza mwaka 1681, na kabla ya hapo hata sehemu za wanawake zilichezwa na wanaume. Wala sisi wa Kanda ya Ziwa si wageni wa jambo hili. Anayekwenda Bujora, Kisesa, wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma la mwezi Juni, atawaona wanaume wa Wagika na Wagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma, wakishindana kwa ngoma wakiwa na mavazi yaliyochaguliwa kwa ajili ya uchezaji, na hakuna anayewauliza kwa nini hawakuja na suruali za kazini.

Kifaa cha kwanza ni kile ambacho wengi huona haya kukiulizia, na ndiyo maana nitakieleza kwa kirefu. Mkanda wa ndani wa kuchezea, ambao wachezaji wa nje huuita dansi-belti, ni chupi maalumu yenye lastiki pana kiunoni, kitambaa kizito kisicholegea upande wa mbele, na nyuma kipande chembamba kinachopita katikati ya makalio. Kazi yake ni kuzishika sehemu za siri, kuzipandisha juu na kuzielekeza mbele, ili zikae mahali pamoja na zisibanwe katikati ya mapaja. Baleti inadai mapaja yakaribiane kuliko michezo mingi tuliyoizoea. Katika mkao wa tano mguu mmoja hukaa mbele ya mwingine, kisigino kikigusana na vidole, na huko juu hapabaki nafasi. Na katika miruko ya kugonganisha miguu hewani mapaja hukutana kwa kasi. Mwanaume aliyevaa boksa ya kawaida ataumia, na akishaumia mara moja mwili wake utaanza kujihami wenyewe kwa kuacha uwazi kati ya mapaja. Mkao ukishazoea uwazi huo, kuurekebisha ni kazi ya muda mrefu.

Uvaaji wake una utaratibu. Mkanda huvutwa hadi kiunoni, kisha mtu huingiza mkono na kupandisha kila kitu juu kuelekea kitovuni, halafu lastiki hurudishwa mahali pake. Sehemu hizo zikiachwa zielekee chini, kama ndani ya chupi ya kila siku, mkanda haufanyi kazi iliyokusudiwa na utauma zaidi ya boksa. Dakika za mwanzo kipande cha nyuma huhisiwa sana, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kuvaa kitu cha namna hiyo, lakini hisia hiyo hupotea mara mwili unapopata joto kwenye mazoezi ya fito, yaani yale ya mwanzo wa darasa yanayofanywa mtu akishikilia fito. Ikiwa haikupotea, saizi ni ndogo. Kipimo kichukuliwe kiunoni na nyongani kwa tepu ya fundi, si kwa kukisia kutoka namba ya suruali, kwa sababu suruali nyingi tunazonunua zimeshapunguzwa au kuongezwa kiuno na namba iliyo ndani haimaanishi kitu. Lastiki ikiacha alama nyekundu zinazodumu au ganzi mapajani, mkanda huo ubadilishwe.

Ipo pia aina yenye kitambaa kamili upande wa nyuma, na wapo wanaoipendelea kwa sababu ya stara. Nimeivaa, na naiona inafaa kwa miezi ya mwanzo, ila mstari wake huonekana chini ya taiti na kitambaa hujikusanya pale mguu unaponyanyuliwa nyuma. Aina ya kipande chembamba ndiyo bora, na kwa kuwa huvaliwa chini ya taiti nyeusi nzito, hakuna anayejua kilichoko ndani. Kuhusu rangi, nyeusi inatosha kwa mwenye taiti nyeusi. Atakayevaa taiti nyeupe au ya kijivu achague inayokaribiana na ngozi yake, kwani mkanda mweupe huonekana waziwazi chini ya kitambaa cheupe kilicholowa jasho.

Mbadala zinazopatikana mjini nimezitafakari moja baada ya nyingine. Boksa za kubana ambazo wachezaji wa soka huvaa chini ya bukta hushikilia kiasi, na kwa darasa la kwanza au la pili, wakati miruko bado, zinafaa. Kuvaa chupi mbili hakusaidii, kwani huongeza joto bila kunyanyua chochote. Kinga zenye kikombe kigumu cha plastiki, kama zile za kriketi au ndondi, zisivaliwe kabisa katika baleti: kikombe huzuia mapaja kukutana na kingo zake huchoma kwenye kinena. Mkanda halisi huuzwa nje kwa dola za Marekani 20 hadi 35 bila gharama ya kusafirisha. Kwa shilingi zetu hiyo ni pesa nyingi kwa chupi moja, na bado nasema inastahili, maana hakuna kitu kingine katika orodha hii kinachoamua kama mwanaume ataendelea na darasa au ataacha. Mwenye uwezo aagize miwili kwa pamoja, kwa sababu wakati wa masika mkanda uliofuliwa usiku unaweza kuwa bado na unyevu jioni inayofuata.

Taiti ni habari njema zaidi. Taiti halisi za baleti za wanaume hushonwa kwa nailoni nzito yenye spandeksi, yaani nyuzi zinazovutika na kurudi, hupanda hadi juu ya kitovu, na wengine huzishikilia kwa mikanda ya mabegani ili kitambaa kisilegee magotini. Kitu kinachokaribia ubora huo kinapatikana Mlango Mmoja, kwenye meza za mtumba wa nguo za michezo, chini ya jina la taiti za kukimbilia. Wauzaji wenyewe hawazijui kwa matumizi ya baleti, na hakuna haja ya kuwaeleza. Ukiuliza taiti ya mwanaume ya kukimbilia, nyeusi, ndefu, utaoneshwa rundo zima. Nimenunua nzuri kwa shilingi 7,000, na nyingine bora zaidi kwa shilingi 12,000 asubuhi ya kufungua belo, wakati ambapo bei huwa juu na chaguo huwa pana.

Kinachohitajika ni jicho. Shika kitambaa sehemu ya goti kwa mikono miwili, kivute kuelekea mwanga, kisha kiachie. Kikirudi upesi na kulala bila mawimbi, spandeksi bado ina uhai. Kikibaki kimetuna, au nyuzi nyeupe fupi zikachomoza kama nywele, taiti hiyo imekwisha hata kama rangi yake inang'aa. Geuza ndani nje na uangalie mshono wa katikati ya miguu, mahali ambapo taiti za mtumba huchakaa kwanza. Zile zenye sifongo katikati ni za waendesha baiskeli, na hazifai, kwa kuwa sifongo hiyo hukaa palepale mapaja yanapotakiwa kukutana. Zipu ya kwenye kifundo cha mguu humchuna mwenye nayo wakati mguu mmoja unapopita karibu na mwingine, lakini fundi anaweza kuiondoa na kufunga mshono kwa muda mfupi. Taiti za kike, ambazo ndizo nyingi na ndizo rahisi, zimekatwa kiuno kifupi mbele na hazimpi mwanaume nafasi inayotakiwa. Mwanaume mwembamba anaweza kuzivaa bila shida kubwa, mwingine asihangaike nazo.

Urefu uishie kwenye kifundo cha mguu. Taiti zinazokatikia chini kidogo ya goti hukata mguu katika jicho la mwalimu, na mguu mfupi machoni huonekana haujanyooka hata ukinyooka. Nyeusi ndiyo rangi ya kuanzia: haioneshi jasho, inalingana na fulana yoyote, na inampa mvaaji mpya utulivu wa moyo anaouhitaji.

Hapo linakuja swali la bukta juu ya taiti, ambalo katika darasa letu limezungumzwa kuliko swali jingine lolote. Wenzetu kadhaa, wakiwemo watu wazima wenye heshima zao misikitini na makanisani, hawakuwa tayari kusimama mbele ya dada zetu wakiwa na taiti peke yake. Nawaelewa na nawaheshimu. Jambo hili halikuanzia Mwanza: mwaka 1911, huko St Petersburg, mchezaji mashuhuri Vaslav Nijinsky alifukuzwa kazi katika jumba la Mariinsky baada ya kupanda jukwaani na taiti bila kaptula fupi iliyotakiwa kuvaliwa juu yake. Ikiwa wachezaji wa Tsar, mfalme wa Urusi, walitakiwa kujisitiri, mhasibu wa Nyakato hapaswi kulaumiwa kwa kutaka hivyohivyo. Lililo muhimu ni aina ya bukta. Bukta ya mpira wa kikapu inayofika magotini huondoa faida yote ya taiti. Bukta fupi ya riadha, nyepesi, inayoishia katikati ya paja au juu zaidi, huacha goti na sehemu kubwa ya paja wazi kwa jicho la mwalimu, na kwa maoni yangu inaweza kuvaliwa hata mwaka mzima bila kuharibu mafunzo. Mwalimu wetu anaikubali, ila huwaomba wanaoivaa waipandishe kiunoni wakati wa mazoezi ya nyonga. Mwenye kutaka kujiunga na darasa lolote aulize kwanza, kwani walimu hutofautiana.

Sasa viatu, ambavyo ndivyo vyenye mambo mengi. Kiatu cha baleti cha mwanaume ni laini, hakina kisigino, hakina ncha ngumu kama vile vya wanawake vya kusimamia vidole, na hukaa mguuni karibu kama soksi. Vidole vinapaswa kulala vimenyooka na kugusa mwisho wa kiatu bila kujikunja. Nafasi ya kukua, ambayo tumefundishwa tangu utotoni kuiacha tunaponunua viatu vya shule, hapa ni hatari, kwa sababu kitambaa kilichobaki mbele hukunjamana chini ya vidole wakati wa kuzunguka na mtu huanguka.

Ugumu wa kuagiza kutoka mbali uko kwenye namba. Kampuni zinazojulikana zaidi, yaani Capezio iliyoanzishwa New York mwaka 1887, Bloch iliyoanzia Sydney mwaka 1932 na Sansha iliyoanzia Paris mwaka 1982, kila moja ina utaratibu wake wa saizi, na namba za Sansha hazifanani kabisa na ile 42 au 43 tunayoisoma kwenye raba zetu. Dawa yake ni kupima mguu kwa sentimita: simama juu ya karatasi uzito ukiwa kwenye miguu yote miwili, mwenzako akuchoree mstari mbele ya kidole kirefu na nyuma ya kisigino, upime umbali kati yake, na upime pia upana mahali mguu ulipo mpana. Fanya hivyo jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa joto la mchana, maana ndivyo utakavyokuwa darasani. Wengi wetu tuliokua tukitembea na ndala tuna miguu mipana mbele, na kiatu chembamba hata kikiwa na urefu sahihi kitabana kidole gumba. Mwenzetu mmoja aliletewa na muuzaji wa mtandaoni jozi isiyolingana na vipimo alivyotuma, na kuirudisha kungegharimu zaidi ya thamani yake. Tangu hapo nashauri mtu aagize kwa muuzaji anayeonesha jedwali la sentimita na anayejibu ujumbe kabla ya kulipwa. Aulizie pia ushuru wa forodha kabla mzigo haujafika posta.

Kati ya turubai na ngozi, nimevaa vyote na sina jibu moja kwa kila mtu. Turubai hupitisha hewa, hufuata umbo la mguu tangu siku ya kwanza, na hufuliwa, mambo ambayo kwa Mwanza, mahali ambapo joto la mchana huzunguka nyuzi 27 au 28 karibu mwaka mzima, si madogo. Ngozi ni nzito kidogo, hushika jasho na harufu, lakini hudumu zaidi na huufanyisha mguu kazi, kwa sababu vidole vinalazimika kusukuma dhidi ya ukinzani wake. Sakafu ndiyo iamue. Kumbi zetu nyingi za kukodi zina vigae, terazo au saruji iliyosuguliwa, na maungio ya vigae hukwangua turubai mpaka tundu hutokea chini ya kidole gumba mapema mno. Kwa sakafu ya namna hiyo nachagua ngozi. Atakayebahatika kuwa na sakafu ya mbao au zulia maalumu la dansi achukue turubai bila kusita. Kwenye vigae, chochote unachovaa, sakafu ipigwe deki na ikauke kabisa kabla ya darasa, maana vumbi laini juu ya kigae hutelezesha hata soli ya ngozi.

Soli nazo ni za aina mbili. Soli nzima huenda kutoka vidoleni hadi kisiginoni. Iliyogawanyika ina kipande mbele na kingine nyuma, katikati pakabaki kitambaa tupu kinachokumbatia uvungu wa unyayo. Sansha za turubai zenye soli iliyogawanyika ndizo ninazozipenda kuliko zote nilizovaa, kwa wepesi wake na kwa namna zinavyouonesha unyayo unaponyooshwa. Hata hivyo, anayeanza leo atafaidika zaidi na soli nzima kwa mwaka wa kwanza, hasa kama unyayo wake ni bapa, kwani ukinzani wake humfundisha kusukuma sakafu.

Viatu vingi hufika bila lastiki kushonwa, na hapo ndipo mafundi wetu wa Makoroboi wanapoonesha uwezo. Fundi niliyempelekea jozi yangu alikigeuza kiatu mara mbili mkononi, akauliza, "Kaka, hiki kinavaliwa na soksi au kinavaliwa chenyewe?" Nilipomweleza akanitaka nikivae palepale barazani, nisimame, ninyanyue kisigino. Kisha akafanya kama nilivyomwonesha: akakunja kisigino cha kiatu kuelekea ndani hadi kilale juu ya soli, akaweka alama ya chaki kila upande mahali mkunjo ulipoishia, na kutoka kwenye alama hizo akapima vipande viwili vya lastiki vinavyopishana juu ya mguu. Sehemu moja inahitaji uangalifu mkubwa. Ukingoni mwa kiatu kuna njia nyembamba ambamo hupita kamba ya kukazia, na sindano ikiitoboa njia hiyo kamba hunaswa na kiatu hakitakazwa tena. Fundi alishona chini yake kwa mkono, bila cherehani, kwa nyuzi zilizokunjwa mara mbili, na akanitoza shilingi 3,000 kwa jozi. Kazi hiyo haijaachia hata mshono mmoja. Kamba ikishakazwa, fundo lake lifichwe ndani ya kiatu, kwani linaloning'inia nje hukanyagwa, na mwalimu yeyote makini atalikataa.

Rangi za kawaida za viatu vya wanaume ni nyeusi na nyeupe. Mwenye taiti nyeusi ana njia mbili nzuri: viatu vyeusi, vinavyourefusha mguu hadi vidoleni, au viatu vyeupe na soksi nyeupe, ambavyo humwezesha mwalimu kuona unyayo vizuri zaidi. Njia ya tatu ndiyo inayonigusa. Arthur Mitchell, Mmarekani mweusi aliyejiunga na New York City Ballet mwaka 1955 na kupanda hadi ngazi ya juu ya wachezaji wake, alianzisha Dance Theatre of Harlem pamoja na Karel Shook mwaka 1969, na kuanzia miaka ya 1970 wachezaji wa kundi hilo wakawa wanavaa taiti na viatu vilivyotiwa rangi ya ngozi ya kila mmoja wao. Rangi iliyokuwa ikiitwa "rangi ya mwili" madukani ilikuwa ya mwili wa Mzungu, na wao walikataa mguu wa mchezaji mweusi ukatike kifundoni kwa kiatu cha rangi ya mtu mwingine. Viatu vya kahawia vinapatikana zaidi sasa, lakini saizi za wanaume bado ni chache. Turubai nyeupe inakubali kutiwa rangi nyumbani: chai ya rangi iliyochemka sana huipa wekundu hafifu wa udongo, kahawa nzito huipeleka kwenye kahawia, na kwa ngozi nyeusi zaidi itumike rangi ya kutia nguo. Kiatu kiloweshwe kwanza kwa maji matupu ili rangi isishike kwa mabaka, kijazwe vitambaa ili kisipoteze umbo, na kikaushwe kivulini. Anayevaa taiti nyeusi ndefu hahitaji taabu hii, ila mwenye kucheza na bukta miguu ikiwa wazi ataona tofauti kubwa kwenye kioo.

Fulana haina mjadala mrefu. Yoyote inayokaa karibu na mwili, inayochomekwa ndani ya taiti na isiyotoka mikono inaponyanyuliwa, inatosha, na mtumba umejaa. Mimi naipenda pamba, nikiwa mtoto wa kanda iliyolimwa pamba tangu enzi za babu zangu, lakini pamba tupu hulowa na kuwa nzito kabla darasa halijafika katikati; iliyochanganywa na spandeksi kidogo hukaa vizuri zaidi. Singlendi inafaa pia, na humwonesha mwalimu mabega. Soksi nzito za kupasha miguu joto, ambazo huonekana sana kwenye picha za wachezaji wa nchi za baridi, huku kwetu ni mzigo, isipokuwa labda jioni za Juni na Julai upepo wa ziwa unapopoa, na hata hapo suruali ya trak juu ya taiti kwa mazoezi ya kwanza inafanya kazi hiyohiyo. Suruali hiyo ndiyo pia ya kuvaa njiani. Si busara kupanda daladala ya Buzuruga na taiti peke yake, na viatu vya baleti havikanyagi barabara kabisa, kwa kuwa mchanga unaoingia kwenye soli huja kukwangua sakafu ya ukumbi.

Kufua ndiko kunakoamua umri wa vitu hivi. Spandeksi na lastiki huuawa na joto na dawa ya kung'arisha. Mkanda na taiti vifuliwe kwa mkono siku ileile, kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, vikamuliwe kwa kubonyezwa na si kwa kusokotwa, na vianikwe kivulini ndani ya nyumba au barazani, kamwe si juani kwenye mabati. Wanaoishi karibu na maji, Kirumba au Igombe, wanajua jinsi mawingu ya wadudu wadogo wa ziwani yanavyotua kwenye nguo mbichi jioni na kuacha madoa, na soksi nyeupe ndizo huumia zaidi; zianuliwe kabla giza halijaingia. Viatu vya ngozi havifuliwi. Vifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, vijazwe karatasi za gazeti, na viachwe wazi usiku kucha badala ya kufungiwa kwenye mfuko wa plastiki.

Kwa mwenye bajeti finyu, mpangilio ninaoushauri ni huu. Mwezi wa kwanza anunue taiti na fulana za mtumba, avae boksa ya kubana ya wachezaji wa soka, na acheze na soksi za pamba wakati wa mazoezi ya fito tu, bila kuzunguka wala kuruka, kwani soksi kwenye vigae huteleza. Pesa ya kwanza kubwa iende kwenye mkanda. Ya pili iende kwenye viatu, na oda ya vyote viwili ikiwezekana itumwe kwa pamoja, na wenzake wawili watatu wa darasani, ili gharama ya usafirishaji igawanywe. Sisi hufanya hivyo, na mara nyingine ndugu wa mmoja wetu anayesafiri kutoka nje huubeba mzigo mpaka Dar es Salaam, kisha basi huuleta hadi Nyegezi. Aliyekwisha kupata jozi inayomkaa vizuri aandike jina la kampuni, aina na namba yake, na aagize ya pili wakati ya kwanza bado ina soli, kwa kuwa mzigo unaweza kuchukua wiki nyingi njiani, na tundu likishatokea chini ya kidole gumba halisubiri.